Madondoo ya Mchungaji katika Kompyuta na Simu

Mwanafunzi aliyeanza masomo ya theolojia miaka thelathini iliyopita alipewa ushauri mfupi kuhusu madondoo yake: nunua kaunta buku, andika tarehe, wala usimwazime mtu. Mwanafunzi wa leo huja chuoni na simu inayoweza kubeba maktaba nzima, naye huuliza ni programu ipi aitumie kuandikia yale ambayo wote huyaita notsi. Wachungaji walioko kazini nao huuliza, hasa wale wanaohudumia mitaa kadhaa kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambao hawawezi kupanda pikipiki kila Jumapili na mfuko wa madaftari mgongoni. Makala hii inakusudia kueleza programu hizo ni kitu gani, zinamfaa nini mtumishi wa Neno, na ni mambo gani hayapaswi kuingizwa humo hata kidogo. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Desturi iliyotangulia kompyuta

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuiona kazi ya madondoo kuwa jambo geni. Kitabu cha kwanza cha kupanga mafundisho ya imani upande wa Matengenezo kilitolewa na Philipp Melanchthon mwaka 1521, akiwa na umri wa miaka 24, nacho kinaitwa Loci communes. Jina hilo latokana na desturi ya wasomi wa siku zile ya kuwa na daftari lenye vichwa vya habari. Msomaji alipokutana na neno juu ya dhambi aliliandika chini ya kichwa cha dhambi; alipokutana na neno juu ya neema, chini ya kichwa cha neema. Melanchthon aliusoma Waraka kwa Warumi kwa namna hiyo, akauliza ni vichwa gani Mtume mwenyewe anavishikilia, na kutokana na vichwa hivyo kikatokea kitabu. Mwanafunzi anayelalamika kwamba madondoo ni kazi ya kitoto na akumbuke jambo hilo.

Tena kuna Georg Rörer, shemasi wa Wittenberg, aliyeyaandika mahubiri ya Luther yalipokuwa yakihubiriwa. Alichanganya Kilatini na Kijerumani na kuyakata maneno ili mkono uweze kuufuata ulimi. Mahubiri mengi ya Luther tuliyo nayo yametufikia kwa mikono ya Rörer na wenzake, si kwa mkono wa mhubiri.

Lakini habari inayotuhusu zaidi ni ya mezani. Tangu miaka ya mwanzo ya 1530, wageni na wanafunzi waliokula nyumbani kwa Luther, miongoni mwao Konrad Cordatus, Veit Dietrich, na baadaye Anton Lauterbach na Johannes Mathesius, waliyaandika maneno aliyoyasema wakati wa chakula. Walinakiliana. Luther alifariki mwaka 1546, na mwaka 1566 Johannes Aurifaber akachapisha mkusanyo mkubwa wa maneno hayo. Ndivyo maneno ya mezani, mengine ya kufariji, mengine ya mzaha, mengine makali juu ya watu, yalivyokuwa kitabu cha kila mtu, wakati msemaji hayupo tena kueleza alikuwa na maana gani. Wanahistoria wanashukuru, nami nashukuru pamoja nao, maana bila madondoo hayo tungemjua Luther kidogo zaidi. Hata hivyo ni vema mchungaji ajiulize: je, yale ninayoyaandika leo juu ya washarika wangu yakichapishwa baada ya miaka ishirini, nani atashukuru?

Karibu nasi, ng'ambo ya nyanda zinazotenganisha Meru na Kilimanjaro, mmisionari Bruno Gutmann wa Old Moshi alifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Anayefungua kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya sheria za Wachaga, au majuzuu matatu ya mafundisho ya kimila yaliyotoka kati ya mwaka 1932 na 1938, anasoma mazungumzo na wazee yaliyoandikwa, yakapangwa, yakalinganishwa. Mtu anaweza kubishana na maoni ya Gutmann, na wengi wamebishana nayo, lakini kubishana huko kunawezekana kwa sababu aliandika.

Programu hizi hufanya nini

Zipo nyingi. OneNote ya kampuni ya Microsoft ilitoka mwaka 2003. Zotero, iliyotengenezwa kwa ajili ya wasomi katika Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, mwaka 2006. Evernote mwaka 2008. Keep ya Google mwaka 2013. Obsidian mwaka 2020. Joplin nayo hutolewa bure, na mtu yeyote anaweza kuichunguza ilivyoundwa. Sitazipima moja moja, kwa kuwa sifa zake hubadilika kila mwaka na makala ingechakaa kabla ya kufika mikononi mwa msomaji.

Kazi ya kwanza ya programu hizi ni kutafuta. Katika daftari, dondoo juu ya Yeremia ulilolichukua mwaka wa pili wa masomo liko mahali fulani, nawe unajua hivyo tu. Katika programu unaandika neno, na madondoo yote yenye neno hilo yanakuja mbele yako. Hapa ipo taabu ambayo vitabu vya maelekezo, vilivyoandikwa na watu wa lugha nyingine, havitaji. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno. Ukitafuta "mtoto", programu nyingi hazitakuletea "watoto". Ukitafuta "msamaha", hutapata "alisamehewa". Dawa ni kutafuta shina: andika "toto", andika "sameh" kisha "samah". Vivyo hivyo vitabu vya Biblia sharti viandikwe kwa namna moja siku zote. Aliyeandika "1 Wafalme 21" leo, "1 Fal. 21" kesho, na "Wafalme wa kwanza" keshokutwa, amejificha mwenyewe kazi yake.

Kazi ya pili ni kuunganisha, nayo ndiyo inayozitenga baadhi ya programu hizi na daftari la kawaida. Dondoo moja laweza kutiwa kiungo kinacholielekeza kwenye dondoo jingine, na programu humwonyesha mwandishi viungo vyote vinavyoingia na kutoka. Jambo hili lilifanyika kwa karatasi kabla ya kompyuta kuenea. Niklas Luhmann, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998, ambaye pia aliandika juu ya dini, alikuwa na makasha ya kadi zipatazo 90,000. Kila kadi ilipewa namba yake, na kadi moja iliitaja nyingine kwa namba. Hakuzipanga kwa mada. Alipotaka kuandika kitabu alifuata namba kutoka kadi hadi kadi, na mara nyingi akakuta jambo alilokuwa amelisahau likisimama kando ya jambo alilolitafuta. Obsidian na programu za jinsi hiyo zimeigiza njia ile.

Nitoe mfano wa hapa kwetu. Tuseme mchungaji amepangiwa kuhubiri juu ya shamba la mizabibu la Nabothi, 1 Wafalme 21, katika usharika ulio upande wa Leguruki au Ngarenanyuki. Katika madondoo yake ya chuo liko moja linaloeleza kwa nini Nabothi alikataa: shamba lilikuwa urithi wa baba zake, wala hakuliona kuwa mali ya kuuza kama mbuzi. Dondoo jingine, alilolichukua aliposoma historia ya mahali, linasema kwamba Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru katika ardhi ya Ngarenanyuki na Leguruki ili kuwapa nafasi wafugaji wa Kizungu. Kwamba nyumba zilichomwa. Kwamba mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa mjini New York kuwasemea watu wake. Na kwamba yeye na mwanasheria Earle Seaton walitoa kitabu juu ya shauri hilo mwaka 1967. Dondoo la tatu ni la mazungumzo na bibi mmoja aliyekuwa msichana mdogo siku zile, aliyekumbuka moshi na ng'ombe waliopotea.

Madondoo haya matatu yaliandikwa katika miaka mitatu tofauti, kwa sababu tatu tofauti. Katika madaftari yangekaa mbalimbali. Lakini ikiwa siku alipoandika juu ya Ngarenanyuki mchungaji aliongeza mstari mmoja tu, "taz. Nabothi", basi atakapofungua sura ile ya Wafalme kwa ajili ya Jumapili, Ngarenanyuki itakuja yenyewe. Hapo ndipo kazi ya mhubiri inapoanza, maana programu haiwezi kumwambia kama inafaa kuyasema hayo mimbarini, mbele ya familia ambazo pengine leo zinagombania mpaka wa shamba hilo hilo. Programu huweka vitu karibu karibu. Nani ni Ahabu na nani ni Nabothi katika usharika huu mwaka huu, hilo halimo ndani yake, na mhubiri asiyepima ataitumia historia kama rungu.

Kiungo kizuri mara nyingi ni kidogo. Mwenye madondoo juu ya Zaburi ya 65, inayomsifu Mungu anayeijilia nchi na kuinywesha, na dondoo juu ya neno Enkai, ambalo katika lugha ya Waarusha na Wamasai hutaja Mungu na pia mvua, ana mwanzo wa mahubiri ya masika mikononi mwake.

Juu ya kuandika darasani

Wanafunzi huuliza kama kuandika kwa kompyuta kunadhoofisha kujifunza. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha nchini Marekani utafiti ulioonyesha kwamba wanaoandika kwa kompyuta huelekea kunakili maneno ya mwalimu yalivyo, na kwamba waliotumia kalamu walijibu vizuri zaidi maswali ya kufikiri. Utafiti huo ulitangazwa sana. Watafiti wengine waliourudia, na kutoa matokeo yao mwaka 2021, walikuta kweli wanaotumia kompyuta hunakili zaidi, lakini hawakukuta tofauti ya wazi katika mtihani. Kwa hiyo nisingependa mwalimu yeyote apige marufuku kompyuta kwa kutegemea utafiti ule wa kwanza.

Ninachokiona darasani ni hiki: dondoo la maneno ya mwalimu lina thamani kidogo likikaa hivyo hivyo. Jioni ile ile, au kesho yake, mwanafunzi alifungue, aandike chini yake kwa maneno yake mwenyewe jambo alilolielewa na swali lililobaki, na aandike limetoka wapi: kitabu, ukurasa, tarehe. Zotero husaidia sana hapa, kwa kuwa hushika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, na wakati wa kuandika tasnifu hupanga orodha ya vitabu yenyewe. Nimesahihisha tasnifu nyingi ambazo mwandishi wake hakujua tena ni sentensi zipi ni zake na zipi alizinakili. Wengi wao hawakuwa wezi. Walikuwa na madondoo mabaya.

Siku hizi baadhi ya programu hutumia akili unde na kujitolea kukuandikia muhtasari wa kitabu au wa hotuba. Muhtasari huo waweza kukusaidia kuamua kama kitabu kinastahili kusomwa. Usiuhesabu kuwa dondoo lako, maana haukupita kichwani mwako, na mara nyingine huwa na makosa yaliyosemwa kwa uhakika mkubwa.

Faili litakalofunguka

Mchungaji huanza kazi akiwa kijana na huimaliza akiwa mzee. Ni programu chache za kompyuta zitakazoishi muda huo. Mwaka 2023 Evernote ilinunuliwa na kampuni ya Italia, na Desemba ya mwaka huo wasiolipa waliwekewa kikomo cha madondoo 50 na daftari moja tu. Waliokuwa nayo tayari hawakunyang'anywa, lakini hawakuweza kuongeza jipya bila kulipa. Kampuni ina haki ya kuuza bidhaa yake kwa masharti yake. Hata hivyo mtu aliyeweka humo mahubiri ya miaka kumi alitambua siku ile kwamba alikuwa mpangaji.

Kwa sababu hiyo nawashauri wachungaji wapendelee programu inayoyaweka madondoo kama mafaili ya maandishi matupu ndani ya kompyuta au simu yao wenyewe, ambayo yaweza kufunguliwa na programu yoyote ya kuandikia. Obsidian hufanya hivyo tangu mwanzo. Joplin yaweza kuyatoa yote kwa namna hiyo. Programu ikifa, maandishi yanabaki. Faida nyingine ni kwamba mafaili hayo ni mepesi mno. Mahubiri ya maisha yote ya mchungaji hayajazi hata pembe ya flashi ya bei ndogo, na hayahitaji mtandao, jambo lisilo dogo kwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika na mnara wa simu hunyamaza pamoja nao.

Fanya nakala ya akiba kila juma. Moja ikae nyumbani na nyingine mahali pengine, kwa kuwa mwizi na moto havibagui kati ya kompyuta na flashi zilizomo chumba kimoja. Nalisema hili nikiwa mtu aliyepoteza daftari zima la mafundisho ya kipaimara kwa mvua ya Aprili iliyopenya mfuko, na miaka mingi baadaye akapoteza mwaka mzima wa mahubiri kwa kompyuta iliyokataa kuwaka. Karatasi na mashine zimenitendea sawa.

Yasiyopaswa kuandikwa

Sasa nifikie lile nililoliahidi. Mchungaji huwa na madondoo ya namna nyingine, yanayotokana na kutembelea wagonjwa, kupatanisha wanandoa, kusikiliza maungamo. Wengi wetu tulianza kuyaandika katika simu bila kufikiri, kwa kuwa simu iko mfukoni na kumbukumbu ya mtu mwenye washarika elfu mbili haitoshi.

Nilipokuwa nikihudumu katika usharika mmoja wa mlimani, nilimtembelea mzee aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu. Alinieleza jambo la nyumbani kwake ambalo hakuwa amemweleza mtu mwingine. Nilipotoka, nikiwa bado kwenye njia ya migombani, niliandika mistari minne katika simu, kwa jina lake, ili niweze kumwombea na kulifuatilia. Jioni ile tulikuwa na wageni sebuleni. Mtoto wa nyumbani aliichukua simu atazame picha, akakutana na maandishi yale, na kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amejua kusoma, akasoma kwa sauti kama wanavyofundishwa shuleni. Alimaliza mstari mmoja na nusu kabla sijamfikia. Mmoja wa wageni alikuwa jamaa wa yule mzee.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kumwambia mwenyewe, nikamwomba radhi. Hakunikemea. Lakini tangu siku ile hakunieleza tena jambo lolote la moyoni. Tulizungumza juu ya mvua na bei ya kahawa, nikamwombea, nikampa Meza ya Bwana, mpaka alipofariki. Sijui alikwenda na mzigo gani ambao angeweza kuutua.

Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 11, linafundisha kwamba ondoleo la dhambi la faragha lidumishwe makanisani. Haliwezi kudumishwa mahali ambapo watu wanaogopa simu ya mchungaji. Kwa hiyo msimamo wangu ni mkali, na najua wapo wenzangu wanaouona kuwa mkali mno: lililosemwa katika maungamo lisiandikwe mahali popote, si katika simu, si katika daftari. Mchungaji akilisahau, na alisahau. Limekwisha kusamehewa.

Mazungumzo mengine ya uchungaji ni tofauti. Anayesaidia ndoa iliyo matatani kwa miezi sita anahitaji kukumbuka walikubaliana nini mara ya mwisho. Hapo naona mji wetu wa Arusha una jambo la kutufundisha. Kuanzia mwaka 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoiunda, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilisikiliza humu mambo mazito kuliko yote ambayo mtu anaweza kuyasikia. Mashahidi wengi walikuwa na sababu ya kuogopa kulipizwa kisasi. Hukumu ya Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ambayo watu wa sheria wanaisoma duniani kote, inamtaja mwanamke mmoja kwa herufi tu: Shahidi JJ. Ushahidi wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na jina lake halimo. Jina lilihifadhiwa mahali pengine, na kumbukumbu za mahakama hiyo zinaendelea kutunzwa Lakilaki, nje kidogo ya mji.

Mchungaji aweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake. Katika simu aandike alama, kwa mfano "K7", na tarehe. Katika kijitabu kidogo kinachofungiwa kabatini ndimo ilimo orodha ya alama na majina. Anayeiokota simu hana majina, na anayekiona kijitabu hana habari. Lakini alama peke yake haitoshi kijijini. "K7, mjane mwenye duka karibu na daraja" ni sawa na jina kamili. Ni afadhali kuandika tendo linalompasa mchungaji kuliko siri ya mtu: "K7: nirudi Alhamisi, Zaburi 38, nimwone mzee wa kanisa kwanza." Mstari huo unamkumbusha mwandishi yote, na haumwambii mwingine chochote.

Tena fahamu dondoo linakwenda wapi. Programu nyingi hupeleka nakala ya kila unachoandika kwenye kompyuta za kampuni zilizoko ng'ambo, ili uweze kukisoma katika simu na kompyuta pia. Kwa mahubiri hakuna neno. Kwa habari za watu, ama izuie programu isipeleke, ama tumia ile inayofunga maandishi kwa ufunguo ulio nao wewe tu. Joplin yaweza kuwekwa hivyo. Usimpe fundi simu yenye madondoo hayo ikiwa imefunguliwa. Kumbuka pia kwamba dondoo lililofutwa mara nyingi hukaa bado katika pipa la taka la programu kwa siku kadhaa, na katika nakala za akiba kwa muda mrefu zaidi.

Jambo hili si la dhamiri peke yake. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inahesabu habari za afya ya mtu na imani yake ya dini kuwa taarifa nyeti. Orodha ya wagonjwa wa usharika iliyotumwa katika kundi la simu ili waombewe ina mambo yote mawili. Sidhani kwamba wazee wetu wa kanisa wanaotuma orodha hizo kwa upendo wanalijua hilo, wala sisi wachungaji hatujawaeleza. Muulize mgonjwa kwanza. Wengi watakubali, na atakayekataa ana sababu.

Wakati wa uhamisho

Wachungaji huhamishwa, na swali la madondoo huibuka siku ya makabidhiano. Rejesta za ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi ni mali ya usharika. Ikiwa ofisi imeziingiza katika kompyuta, mchungaji anayeondoka asibaki na nakala katika simu yake, na neno la siri libadilishwe. Madondoo ya mahubiri ni yake. Madondoo ya historia ya mahali, kama yale ya Ngarenanyuki, ningependa kuona yakiachwa pia katika ofisi ya usharika, yakiwa yamechapwa kwenye karatasi, maana mchungaji mpya hutumia miaka miwili kujifunza yale ambayo aliyemtangulia alikuwa nayo katika faili. Bibi aliyesimulia habari za moshi aulizwe kama yuko radhi jina lake liandikwe hapo. Baadhi ya wazee hulitaka liandikwe kwa herufi kubwa.

Madondoo ya "K7" na wenzake hayakabidhiwi. Ikiwa mtu mwenyewe anapenda mchungaji mpya ajue, atamwambia mwenyewe, au atakutuma useme, nawe utasema kwa kinywa. Mengine hufutwa katika simu, katika pipa la taka, na katika flashi zote mbili. Kijitabu cha kabatini huchomwa jikoni kabla gari la kuhamisha vyombo halijafika.